Memori ya GB ngapi inatosha kamera yako ndogo?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina kamera mpya ya kuwaonyesha. Hapa mezani nina memori tu: hii GB 2, hii GB 32, hii 64, na hii 128. Pembeni zipo kamera mbili za kuzijaribia, Canon PowerShot A570 IS ya mwaka 2007 na Canon IXUS 185 ya 2017. Kila nikionyesha kamera ndogo, swali ni lile lile: "Kaka, niweke GB ngapi?" Na wengi mnauliza huku mmeshaamua kuchukua kubwa kuliko zote dukani.

Tulizeni boli. Kabla ya GB, soma herufi zilizoandikwa kwenye memori yenyewe. Sogea karibu uone. Hii ya GB 2 imeandikwa SD peke yake. Aina hii mwisho wake ndio hapo, GB 2. Hii ya 32 imeandikwa SDHC, aina iliyokuja mwaka 2006, nayo inaishia GB 32. Hizi mbili za mwisho ni SDXC, za 2009 kuja huku, na dukani utazikuta kuanzia 64. Umbo ni moja, tundu ni moja, zote zinaingia bila kusukumwa kwa nguvu. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Kamera mpya inazisoma memori za zamani vizuri tu, ila kamera ya zamani haikutengenezwa kusoma memori ya kizazi kilichokuja baada yake.

Ona sasa. Hii A570 naiwekea GB 32, inawaka, tunapiga picha, safi. Natoa, naweka ya 64. Kioo kinaniambia memori ina hitilafu, na memori yenyewe haina ugonjwa wowote. Nikiirudisha kwenye IXUS inafanya kazi. Kuna fundi atakwambia uifomati, yaani uifute na kuipanga upya, kwenye kompyuta kwa FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani, ili kamera ya zamani ikubali. Kweli, zipo kamera zinazokubali kwa njia hiyo. Lakini picha za harusi ya mtu mimi siziweki juu ya ujanja wa namna hiyo. Na kama kamera yako ni ya kabla ya 2006, mfano Canon A520 ile ya 2005, tafuta GB 2 na uridhike nayo. Ina megapikseli 4 tu, picha moja ni kama MB 2, kwa hiyo unapata karibu picha elfu moja. Hiyo ni sendoff nzima na harusi yake.

Sasa tuje kwenye kamera isiyochagua, hii IXUS 185. Megapikseli 20. Faili ya picha moja inacheza kwenye MB 6 hadi 8. Inategemea unapiga nini, maana mti wenye majani au umati wa watu huzaa faili nzito kuliko ukuta mweupe. Tuseme MB 7. Memori ya GB 32 itabeba zaidi ya picha 4,000. Halafu chomoa betri yake uitazame: kadogo, kembamba, kakijaa chaji kanakupa picha kama 200 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Kuijaza GB 32 kwa picha unahitaji kuchaji betri mara 20. Nani kati yenu anatoka nyumbani na betri 20 mfukoni? Kwa mpiga picha, GB 32 inatosha na inabaki. Hiyo pesa ya kurukia 128 kanunue betri ya pili. Betri ikizima katikati ya shughuli, hizo GB zote hazikusaidii kitu.

Video ni habari nyingine. Chukua Sony ZV-1, ambayo vijana wengi wa vlogu wanayo. Ukiiweka 4K, yaani video yenye picha kali sana, kwenye kiwango chake cha juu, inaandika megabiti 100 kila sekunde. MB moja ni megabiti 8, kwa hiyo gawa kwa 8, ni MB 12.5. Dakika moja ni MB 750. GB 32 inakupa dakika 40 na ushee, GB 64 kama dakika 85. Hapo anza na 64, na ukisafiri bila kompyuta ya kuhamishia, 128 nitakuelewa. Hata hivyo, badala ya 128 moja, mimi nachukua 64 mbili. Moja ikipotea au ikifa, nusu ya kazi bado ninayo.

Mwendo nitaugusa kidogo tu. Hii namba kubwa ya mbele, MB 100 kwa sekunde, mara nyingi ni mwendo wa kusoma, yaani ukihamishia kwenye kompyuta. Kwa kurekodi 4K tafuta alama ndogo ya U yenye 3 ndani yake, au V30. Zote zinakuhakikishia kuandika MB 30 kwa sekunde. Unapiga picha tu? Ile C yenye 10 ndani inatosha.

Usishtuke memori ya 64 ikisoma 59 kwenye kompyuta ya Windows. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Haujaibiwa. Wizi uko kwenye memori feki, na feki hupenda kuandikwa namba kubwa kwa bei ya chini. Ndani ina GB chache, ila imechezewa ijitangaze 128. Ni kama ndoo ya lita 20 yenye tundu karibu na kitako: unamimina, hailalamiki, na maji hayapo. Picha za mwanzo utaziona, zinazofuata zitakuwa na jina bila picha. Usingoje shughuli ikufundishe. Siku unayonunua, ijaze yote. Kwenye Windows ipo programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Mac na Linux ipo F3. Inaandika mpaka memori ijae, kisha inasoma tena kilichoandikwa. Ikifeli, rudi dukani siku hiyo hiyo, na risiti mkononi.

Ikifaulu, ifomati ndani ya kamera utakayoitumia. Ikigoma, angalia kwanza haka kakitufe ka pembeni mwa memori, huenda kameshuka kwenye kufunga.

Na nyie mnaochukua kamera za mtumba, hakikisheni hata ni SD kweli. Olympus na Fujifilm nyingi za miaka ya 2000 zinatumia xD, ambayo mwisho wake ni GB 2. Sony za kabla ya 2010 nyingi zinatumia Memory Stick. Hizo huzipati kila duka, kwa hiyo ukikuta kamera ya hivyo, mwambie muuzaji aitoe na memori yake, tena aiwashe na kupiga picha mbele yako kabla hujatoa hela.