Doctor Who ya Zamani: Uanzie Wapi?

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo, kutoka hapa Kisumu, ninachambua tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Who, ile ya zamani iliyorushwa na BBC kuanzia tarehe 23 Novemba 1963 hadi mwaka wa 1989, na nitajibu swali moja tu: mtu ambaye hajawahi kuitazama aanzie wapi? Misimu yake ni 26 na sehemu zake zinakaribia 700, kwa hiyo anayeshika njia ya kufuata mpangilio tangu mwanzo anaweza kuchoka kabla hajafika penye utamu. Mimi nawashauri muanze katikati, mwaka wa 1977, kwa kisa kiitwacho The Robots of Death.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu kila kisa hujitegemea. Visa vingi vina sehemu nne au sita, kila moja ya dakika 25 hivi, na hadithi huanza na kumalizika humo humo. Ya kujua mapema ni machache. Daktari ni msafiri kutoka sayari nyingine, naye huvuka wakati na anga kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha polisi wa Uingereza, lakini ndani ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Mwili wake unapofikia kikomo, hugeuka akawa na sura na tabia nyingine. Mbinu hiyo ilibuniwa mwaka wa 1966, wakati afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, ilipokuwa imedhoofika na Patrick Troughton akaipokea nafasi yake. Na kwa maoni yangu ndiyo iliyoiwezesha tamthilia kuishi miaka yote hiyo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinamwelimisha mgeni bila kumhutubia. Katika dakika za mwanzo Leela, msafiri mwenza wa Daktari, anauliza inakuwaje ndani ya chombo kuwe kukubwa kuliko nje. Daktari, anayeigizwa na Tom Baker, anachukua masanduku mawili, anaweka lile kubwa mbali na kushika lile dogo karibu, kisha anamwonyesha kwamba la mbali sasa linaonekana dogo. Anasema kwamba kama ungeweza kuliacha mbali vile na papo hapo kuwa nalo hapa, lingeingia ndani ya lile dogo. Leela anaona huo ni upuuzi, na mtazamaji anacheka pamoja naye, lakini tayari ameshaelewa anachohitaji kuelewa. Baada ya hapo tunaingia katika mtambo mkubwa unaochimba madini jangwani, ambamo watu wachache wanaishi kwa anasa huku roboti zenye nyuso nzuri zisizobadilika zikifanya kazi yote. Mtu anauawa. Wanashukiana wao kwa wao, kwa maana hakuna anayethubutu kufikiri kwamba roboti inaweza kuua, na ustaarabu wao wote umejengwa juu ya imani hiyo. Sitasema zaidi. Hofu ya kisa hiki inatokana na sauti za upole za roboti hizo, na haijazeeka hata kidogo.

Tazameni sehemu moja kila jioni, kwa mfano baada ya taarifa ya habari ya saa moja, wala msizitazame zote nne kwa mkupuo. Kila sehemu iliandikwa ikomee penye hatari ili mtu asubiri wiki nzima, na ukiziunganisha, utaona tu jinsi hatari hiyo inavyotatuliwa kwa haraka katika dakika ya kwanza ya sehemu inayofuata. Washeni pia maandishi ya chini ya skrini, kwa sababu waigizaji husema upesi.

Hapa kuna onyo. Kisa kinachofuata moja kwa moja, The Talons of Weng-Chiang, kinasifiwa sana kwa uandishi wake, lakini mwigizaji Mzungu amepakwa vipodozi ili aigize Mchina, na Wachina kwa jumla wamechorwa vibaya. Mimi siwezi kumpa mgeni kazi hiyo. Kirukeni, mwende kwenye Genesis of the Daleks ya 1975, yenye sehemu sita, inayoonyesha mwanasayansi akiunda viumbe wasiojua huruma, na Daktari akisita kuwaangamiza ingawa ana nafasi. Kwa wapenda ucheshi ipo City of Death ya 1979, ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa Paris. Sehemu ya kwanza kabisa ya 1963 itazameni baada ya hapo. Itawagusa zaidi mkiwa mnajua Daktari wa Hartnell, yule mzee mkali, atakuja kuwa nani.

Kuhusu ununuzi, jina la tamthilia mpya iliyoanza mwaka wa 2005 ni lile lile, basi hakikisheni mwaka kabla ya kulipa. Huduma ya BBC ya mtandaoni yenye mkusanyiko mkubwa wa sehemu hizi ni ya wakazi wa Uingereza pekee. Ndugu akiwaletea DVD kutoka huko, mara nyingi zitakuwa za eneo la 2, yaani zimefungwa zichezwe katika sehemu fulani tu za dunia, ilhali Kenya iko eneo la 5, na mashine nyingine zitazikataa. Diski za Blu-ray hazina shida hiyo, kwa kuwa Uingereza na Kenya zote ziko eneo B. Mwambieni atafute seti ya msimu wa 14, ambamo The Robots of Death imo.