Mashine ya kahawa kwa nyumba ya Dodoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya umeme mjini Dodoma ukaulizia mashine ya kahawa, mara nyingi ya kwanza kushushwa rafuni ni ile yenye kioo cha saa. Namba zinawaka, vitufe vimejipanga, na muuzaji ana sentensi yake tayari: "Hii bosi unaitegesha usiku, ukiamka kahawa hiyo." Hajakudanganya. Ila kwa nyumba nyingi za hapa mimi naiweka nafasi ya pili, na ya kwanza naipa jirani yake wa bei ndogo, mwenye swichi moja tu ubavuni. Kinachoamua ni umeme wetu na maji yetu.

Nazungumzia mashine za kuchuja, zile ambazo maji ya moto hudondokea kwenye kahawa iliyosagwa na kushuka kwenye jagi. Za espresso na zile za vikopo vidogo vya kutumia mara moja siziingizi humu. Vikopo vikiisha ukakosa pa kununua vingine, mashine inabaki pambo la kabati.

Kabla ya kupanga nafasi, tazama kilichomo ndani, maana ndicho kitakachokuokolea hela. Chini ya bamba la kupashia kuna bomba la alumini lililokunjwa kama herufi U, limebanwa na waya wa joto. Maji huteremka humo kutoka kwenye tangi kwa uzito wake, yakipita vali ndogo isiyoyaruhusu kurudi nyuma. Yakichemka, mapovu ya mvuke huyasukuma kupanda hadi juu ya chujio. Hakuna pampu. Ule mngurumo wa mwisho ni bomba likiwa limebakiwa na mvuke mwingi kuliko maji. Joto hilohilo la bomba ndilo linalopasha bamba ambalo jagi limekalia. Mpangilio huu hauna tofauti kati ya mashine ya swichi moja na yenye saa. Saa ni kibao cha elektroniki kilichowekwa mbele ya mitambo ileile. Ukiongeza hela, unalipia kibao. Utamu wa kahawa uko palepale.

Kinachogusa ladha ni wati. Kwa mashine ya lita moja na robo tafuta wati 900 hadi 1,000, nayo itamaliza kazi ndani ya dakika saba au nane. Ndogo ya zaidi kidogo ya nusu lita inatosheka na wati 600. Jagi kubwa lenye wati chache ni la kuepuka: maji yanapita polepole mno, kahawa inatoka chungu. Na usiogope Luku, jagi zima la lita moja na robo linakula kama uniti 0.12. Kinachokula uniti ni bamba likiachwa linawaka asubuhi nzima.

Ya kwanza: swichi moja, jagi la kioo, chujio la nailoni

Umeme ukikatika na kurudi, mashine hii haina cha kusahau. Haina saa ya kupangwa upya, haina kibao cha kuungua umeme unaporudi kwa kishindo, na ikigoma fundi wa kawaida ataifungua na kukuta vitu vitatu: waya wa joto, themostati na fyuzi ya joto.

Hakikisha ina chujio la kudumu la nailoni. Machujio ya karatasi ni mazuri, yanazuia mafuta ya kahawa yasishuke na kikombe kinatoka angavu, lakini ni kitu cha kununua kila mwezi na si kila duka la hapa linacho. Ukiwa na la nailoni, karatasi inakuwa anasa ya siku ukiipata.

Watu husema jagi la kioo linapooza kahawa. Ni kweli, na bamba likiendelea kuwaka chini yake kahawa inaiva mara ya pili hadi inanuka moto. Lakini nyumba gani ya Dodoma haina chupa ya chai? Kahawa ikimaliza kushuka, imimine kwenye chupa, zima swichi, basi. Chupa isuuze kwanza kwa maji ya moto, na kama ndiyo hiyo inayokaa chai ya tangawizi, nunua nyingine ya kahawa peke yake.

Angalia pia hesabu ya vikombe. Boksi likiandika vikombe 10, wametumia kikombe cha mililita 125 hivi. Kikombe kikubwa cha chai cha nyumbani kinabeba 250 hadi 300. Kwa hiyo ya vikombe 10 inawatosha watu wanne au watano, na ile ya vikombe vinne ni ya mtu mmoja na mgeni wake.

Mashine hii ina kasoro moja kubwa: nyingi za bei ndogo hazijizimi. Umeme ukikatika katikati ya kazi ukaondoka nyumbani swichi ikiwa imewashwa, ukirudi mashine inaendelea bila mtu. Mazoea ya kuzima swichi mara umeme unapokatika ni ya lazima. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu 2015 zina nafuu, kwa sababu sheria yao inataka zenye jagi la kioo zijizime ndani ya dakika 40 baada ya kumaliza kuchuja.

Na ukitaka kuamka kahawa iko tayari bila kununua mashine yenye saa, nunua saa ya soketi, ile ya kuzungusha yenye vijino pembeni, kila kijino dakika 15. Unaichomeka ukutani, unachomeka mashine ndani yake, unaacha swichi ya mashine imewashwa. Umeme ukikatika usiku kwa muda wa saa mbili, saa hiyo inasimama na kahawa inachelewa kwa saa mbili, lakini inapikika. Inunue iliyoandikwa ampea 13, wala usiipitishe kwenye ekstensheni nyembamba ya taa. Mpango huu unafaa tu kwa swichi ya kubofya inayobaki ilipo. Vitufe vya kugusa haviamki vyenyewe umeme unapoingia.

Ya pili: yenye saa

Nyumba ambayo umeme wake umetulia, au yenye inverta inayobeba wati 1,000, hii ni starehe halali. Mtu wa Nkuhungu anayetakiwa kuwa ofisini Mtumba saa moja na nusu asubuhi, na kabla ya hapo awashushe watoto shuleni, ana haki ya kukuta kahawa tayari. Inverta ndogo ya taa na televisheni haitaibeba.

Wengi huinunua kisha wanaitumia kama ya swichi moja kwa sababu saa iliwashinda siku ya kwanza. Haina ugumu. Ukiichomeka, kioo kitapepesa 12:00. Bonyeza kitufe cha HOUR hadi ufike saa ya sasa, kisha MIN kwa dakika. Hapa ndipo watu wanapoteleza: mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia asubuhi. Ukitaka kahawa saa kumi na moja na nusu alfajiri, inatakiwa isome 5:30 AM. Saa kumi na mbili asubuhi ni 6:00 AM. Aliyeiandikia 12:00 AM atapikiwa saa sita usiku amelala, na aliyeandika 12:00 PM atapikiwa adhuhuri, jagi likimsubiri mtu ambaye hayupo. Nakili namba kutoka kwenye simu yako, kisha chunguza kile kidoti kidogo kinachoonyesha kama ni AM au PM. Kwenye mashine nyingi kidoti hicho ni kidogo kuliko punje ya uwele na kiko kona ya kioo.

Saa ikishakaa sawa, bonyeza PROG, kwenye nyingine kimeandikwa DELAY, na kioo kitaanza kupepesa tena. Safari hii unaweka muda wa kupika, kwa vitufe vilevile. Weka maji, weka kahawa kwenye chujio, rudisha jagi mahali pake likiwa na kifuniko. Kifuniko ndicho kinachosukuma na kufungua vali nyingine ndogo, iliyo chini ya chujio; bila jagi maji yatajaa juu na kumwagika mezani pamoja na machicha. Mwisho bonyeza AUTO hadi taa yake iwake. Kuweka muda ni jambo moja, kuiamuru isubiri ni jingine, na taa hiyo isipowaka asubuhi utakuta maji ya baridi na kahawa kavu.

Sasa umeme ukatike saa nane usiku, urudi saa tisa. Kioo kinarudi kwenye 12:00, agizo limefutika. Mashine chache zina akiba ya kushikilia saa kwa muda mfupi. Mpime muuzaji hapohapo dukani: weka saa, chomoa plagi, piga naye soga dakika tano, chomeka. Ikirudi 12:00, unajua unalipia nini, na bei ishuke kidogo.

Tangi lake litazame pia, maana sasa naingia kwenye maji. Maji ya bomba ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, na mitaa mingi ina visima vyake virefu. Ni maji yenye chumvi na chokaa. Sufuria ya kuchemshia imekwisha kukuonyesha ule ukoko mweupe. Ndani ya bomba jembamba la mashine ukoko huohuo unaziba njia. Dalili zake ni mashine kunguruma sana, kutoa mvuke mwingi, na kazi ya dakika nane kuwa ya robo saa. Themostati inachanganyikiwa, fyuzi inakatika, na unaambiwa mashine ni feki.

Dawa ni siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Jaza tangi, washa, mchanganyiko ukishuka nusu zima, uache ukae nusu saa, kisha malizia. Pitisha maji matupu mara mbili au tatu hadi harufu ya siki iishe. Kwa anayekunywa kila siku kwa maji ya bomba, fanya hivyo kila mwezi. Kuchemsha maji jioni na kuyaacha yatulie kunapunguza sehemu ya chokaa, lakini ladha ya chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Kama kisima chako kina chumvi kali, nunua maji ya dumu kwa ajili ya kahawa. Hivyo chagua mashine ambayo tangi lake linafunguka lote, mkono ukapita na jicho likaona chini. Hili nalihesabu kuliko kioo cha saa.

Ya tatu: jagi la chupa

Hizi hazina bamba, kahawa inashuka moja kwa moja kwenye jagi la chuma linalotunza joto. Ni nzuri na hazivunjiki ovyo. Ila una chupa ya chai nyumbani, na shingo ya majagi haya ni nyembamba kuosha. Nunua kama bei imekaribiana na ya kwanza.

Ya nne: koni ya mkono

Kwa anayekunywa peke yake hii ningeipandisha hadi juu. Ni koni ya plastiki au kauri unayoikalisha juu ya kikombe, unaweka chujio na kahawa, unamimina maji taratibu. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na joto linalopendekezwa kuchujia kahawa ni nyuzi 92 hadi 96. Maana yake huhitaji kusubiri yapoe kama mtu wa Dar es Salaam, yakichemka, mimina. Inafanya kazi kwa gesi, kwa mkaa, umeme uwepo usiwepo.

Ya mwisho kabisa: iliyotumika kutoka Marekani

Inapendeza, nzito, ina vitufe vya kila aina, na bei yake inashawishi. Mazungumzo huwa hivi:

"Dada, hii ni ya wapi?"

"Majuu hiyo kaka, kitu orijino. Weka adapta tu inaingia."

"Naomba niigeuze."

Ukiigeuza utakuta kibati kimeandikwa 120V 60Hz. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme unabaki volti 230. Mashine ya wati 900 itavuta zaidi ya 3,000, na fyuzi itakatika kabla kikombe cha kwanza hakijashuka. Transfoma ya kuibeba ni zigo la chuma na inaweza kuzidi bei ya mashine. Na hata ukiwa nayo, saa zinazohesabu kwa mapigo ya umeme zitachelewa dakika 10 kila saa, kwa kuwa wetu ni wa hezi 50. Zilizotoka Uingereza au Dubai zinaingia moja kwa moja, plagi na volti. Za Ujerumani volti ni sawa, plagi ya mviringo mwite fundi aibadilishe kwa ya pini tatu.

Kuhusu kahawa yenyewe: ya kuyeyuka isiingie kwenye mashine, hiyo ni ya maji moto na kijiko. Nunua ya kusagwa, arabika ya Kilimanjaro, Mbinga au Mbozi kwa ladha nyepesi yenye uchachu kidogo, robusta ya Kagera kama unataka nguvu. Iliyosagwa laini kwa ajili ya dele itapenya nailoni na kuacha tope chini ya kikombe. Omba chembe za ukubwa wa chumvi ya mezani. Kipimo ni gramu 55 hadi 60 kwa lita, karibu vijiko 11 vya chakula vya kufuta.

Kabla hujatoa hela, uliza jagi la akiba. Kioo ndicho kinachotangulia kufa, na jagi la mashine moja haliendi kwenye nyingine kwa sababu ya urefu na kile kifuniko kinachosukuma vali. Duka likiwa na mashine sita za aina moja rafuni bila jagi hata moja la pembeni, chukua aina nyingine. Kama una safari ya Kariakoo, siku hizi kwa SGR ni kwenda na kurudi siku hiyohiyo, beba namba ya modeli iliyo chini ya mashine na lile jagi lililovunjika, kifuniko chake kikiwemo.