Cartier au Belperron?

Tutti Frutti, mapambo ya vito ya kampuni ya Cartier, mtindo wa miaka ya 1920, zinakuvamia kwa rangi: zumaridi, yakuti nyekundu na yakuti samawati zilizochongwa India kwa umbo la majani na matunda, zikapangwa kwenye platinamu pamoja na almasi. Bei nayo haina utani: mwaka 2020 kampuni ya mnada ya Sotheby's iliuza bangili moja kwa dola milioni 1.34.

Suzanne Belperron, mbunifu wa vito wa Paris, alishika njia yake. Kwake kalsedoni, jiwe la bei nafuu, ndiyo ilichongwa ikawa pete nzima, na vito ghali vikapachikwa humo humo. Tatizo, hakuweka sahihi kwenye kazi zake. Bila mtaalamu na michoro ya Belperron mwenyewe, usithubutu kununua. Cartier angalau ina muhuri (hata huo hughushiwa). Ya kuvaa kila siku, mimi nachagua Belperron.