Kozi ya sola kwa njia ya mtandao: uzoefu wangu kutoka Kibirizi

Wengi mmeniuliza kama kozi za ufundi za mtandaoni zina maana. Hii ya sola niliyosoma ina maana, na ningeilipia tena. Sababu kubwa ni kwamba ukimaliza nadharia kwenye simu unaitwa karakanani kufanya vitendo. Kozi isiyo na sehemu hiyo nisingemshauri mdogo wangu aichukue.

Mimi nafunga taa za wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Karabai zimepungua, mvuvi wa leo anataka taa za LED na betri. Mafundi tulikuwa tunafunga kwa mazoea, kila chombo betri ya N70, yaani ya ampea-saa (Ah) 70. Somo la kukokotoa mzigo ndilo lililonifaa kuliko yote. Taa zenye jumla ya wati 60 zikiwaka saa 8 zinakula wati-saa 480. Betri ya volti 12 yenye Ah 70 imebeba wati-saa 840, lakini betri ya asidi ukitaka idumu usiinyonye kupita nusu, yaani 420. Kumbe kila usiku tulikuwa tunaiua kidogo kidogo, halafu lawama anabeba mwenye duka! Siku hizi namwandikia mteja hesabu kwenye karatasi, anajionea mwenyewe kwa nini nataka Ah 100. Mzee mmoja mwenye vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, alibishana nami, akaichukua ile karatasi, akarudi na betri kubwa. "Haya mwanangu, funga."

Somo la waya nalo ni zuri. Kwenye volti 12, mzigo wa ampea 10 uliovutwa mita 10 kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Ukitumia wa milimita za mraba 6 unapoteza kama 0.6 tu.

Kasoro kubwa ni video. Baadhi zilirekodiwa na vyuo vya Marekani, na chuo kimezipachika hivyo hivyo bila maelezo ya mwalimu wa hapa. Zinafundisha paneli itazame kusini. Kwao ni sawa, wako kaskazini mwa ikweta. Kigoma tuko karibu nyuzi 5 kusini, kwa hiyo paneli yetu inatazama kaskazini, na inainamishwa kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Ukikosea hilo, hasara yake ni umeme pungufu. Linalonitisha ni rangi za waya. Kwenye nyaya za nyumba za Marekani mweusi ndio wenye moto. Kwenye nyumba zetu za zamani mweusi ni nyutro na mwekundu ndio wenye moto. Tena umeme wao wa kawaida wa ndani ni volti 120, wetu ni 230. Mwanafunzi mgeni akiishika video hiyo kama ilivyo, anaweza kufa. Nimewaandikia warekodi upya, na nawasihi wengine mliosoma muwaandikie pia.

Vitendo nilivifanya Mwanga, hapa Kigoma mjini, wakati wa mbalamwezi, vyombo vikiwa vimepumzika, kwa hiyo sikupoteza wateja. Kila mtu alishika mita mwenyewe, akabana vichwa vya waya, akaunganisha betri kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji) kabla ya paneli, mwalimu amesimama pembeni. Ukikosea anakufungulisha kazi yote uanze upya. Video haiwezi kukufanyia hivyo.

Intaneti ni ile ile mnayoijua. Madarasa ya moja kwa moja yanakatakata, bora upakue masomo kwa bando la usiku.

Kabla hujalipa, kiulize chuo mambo mawili: kama kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na vitendo vinafanyikia wapi. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tunza hela yako. Na cheti si leseni. Ukitaka kuingia kwenye kazi ya kufunga umeme majumbani, leseni inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na maombi yake ni safari nyingine kabisa.