Signal kwa vikao vya familia, mimi nimeridhika nayo

Familia yetu imetawanyika, bibi yuko Kibosho, sisi Moshi mjini, dada Dar, kaka Marekani, kwa hiyo jambo zito likitokea, labda mambo ya kihamba (shamba la ukoo) au mgonjwa yuko hospitali ya KCMC, tunakutana kwa video. Na haya siyo mambo ya kusikiwa na kila mtu jamani, ndo maana nimechagua apu kwa makini.

Tuko Signal na kwenye usiri naipa nyota tano. Maongezi yanafungwa kwa msimbo wa siri toka kwenye simu yangu mpaka ya kaka, seva (kompyuta za Signal) inapitisha tu haiwezi kufungua, hata mkiwa wengi. Kilichonishika zaidi ni kwamba mwaka 2016 walipelekewa amri ya kisheria kule Marekani watoe taarifa za mtumiaji, wakawa na tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipoingia kwenye seva, basi, hamna majina ya aliowapigia wala magrupu.

WhatsApp nayo inafunga simu zake hivyohivyo tangu 2016, tuseme ukweli, na bibi tunampata huko. Ila Meta, wenye WhatsApp, hata kama hawasikii, nani kampigia nani na saa ngapi wanaweza kujua, na mtu akijua umempigia wakili usiku wa kuamkia kikao cha ukoo ameshajua mengi sana.

Zoom mwaka 2020 ilibainika ule ulinzi kamili wa toka simu mpaka simu waliokuwa wanautangaza haukuwa hivyo. Sasa hivi upo, lakini mwenye kikao lazima auwashe mwenyewe, na dakika 40 za bure kikao cha ukoo hazitoshi. Jitsi, nayo ya vikao vya video, niliipenda, unafungua tu kwenye brauza, ila tangu 2023 ukitumia seva yao anayeanzisha kikao lazima aingie kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub.

Kasoro ya Signal ni kwamba unajisajili kwa namba ya simu, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo usidhani hujulikani, kinachofichwa ni maongezi na unaoongea nao, siyo kwamba una akaunti. Namba yako unaweza kuwaficha wengine kwa kutumia jina la mtumiaji, hilo wameleta 2024.

Halafu ndugu akiweka simu nyingine pembeni akarekodi hakuna apu itakayomzuia, kwa hiyo sisi tumekubaliana kabla hatujaanza kila mtu aseme yuko na nani hapo alipo, na aliye saluni au kwenye daladala avae earphone au asubiri afike nyumbani.