Usiuze Lenzi Yako ya Zamani! Nimeifunga Kwenye Canon R6

Haya watu wangu, oneni hiki kidude. Nakichungulia hivi, mnaniona jicho upande wa pili? Hakuna kioo ndani, bomba tupu. Na hili bomba tupu limeninyima usingizi siku tatu, kwa raha!

Ni adapta ya Canon wenyewe, ya kufunga lenzi za EF, za kamera zake za zamani, kwenye bodi za RF, yaani kamera zake mpya. Bodi niliyo nayo ni R6, megapikseli zake mnazijua, sina haja ya kuwahesabia. Na hii hapa ni 50mm f/1.8 II, mtumba, plastiki mpaka kitako. Toleo hili lilitoka 1990. Kuna watazamaji wangu humu walikuwa hawajazaliwa.

Kwa nini bomba tupu? Lenzi ya EF inataka milimita 44 kutoka kitako mpaka kwenye sensa. Bodi ya RF ina 20 tu. Adapta inajaza zile 24, basi. Picha haiguswi. Ila kinyume chake usijaribu: lenzi ya RF haiingii bodi ya zamani, hizo 24 utazikata wapi?

Nafunga... *ka!* Mmesikia? Sasa dogo, nenda getini, uje taratibu. Angalieni kile kiboksi cha fokasi kwenye skrini. Kimekaa jichoni. Dogo geuka. Kimehamia kichwani. Rudi... jichoni tena! Dogo vaa kofia, ishushe kidogo. Bado kipo! Lenzi ya 1990 inafuata jicho la mtu, na walioitengeneza hata hawakuwaza kitu kama hicho.

Tena kwa f/1.8, tundu la lenzi wazi kabisa. Kwenye DSLR, zile kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi ndani, ukifungua hivyo unaweza kupata sikio kali na jicho la moshi, kwa sababu fokasi inapimwa na sensa nyingine kule chini. Hiyo na sensa ya picha zisipokubaliana kidogo tu, imekula kwako. Huku fokasi inapimwa palepale picha inapotua. Ubishi umekwisha.

Subirini, kuna hii. Lenzi hii haina kitulizaji cha mtikisiko, haijawahi kuwa nacho. Lakini R6 inacho ndani ya bodi. Spidi 1 kwa 8 ya sekunde, mkono mtupu, napiga hiyo Bajaji imepaki... ikuze. Soma namba. Inasomeka!

Wa Nikon msinitukane, nawapenda. Adapta yenu ya FTZ ni nzuri kwa lenzi za AF-S, zenye mota ndani. Lakini zile za D, ambazo bodi ndiyo ilikuwa inazungusha fokasi kwa kiskrubu? FTZ haina mota hiyo, utazungusha kwa mkono. Canon wao mota waliiweka kwenye lenzi tangu EF ilipoanza, 1987. Enzi hizo wenye lenzi za FD, za Canon za kabla ya EF, waliachwa solemba, walilia kweli. Leo ndiyo sisi tunakula matunda.

Sasa nilitaka kusema haina kasoro. Ngoja nizime feni, narekodi video, sikilizeni... *kriii, kriii.* Hiyo ni mota. Kwa maiki ya juu ya kamera itaingia yote, kama kuna panya kabatini. Kwa hiyo video, hapana, au tumia maiki ya kubana shatini. Nilisema raha siku tatu? Tuseme mbili na nusu.

Bei sasa. Adapta hizi za Canon zilipotoka 2018, ya kawaida ilikuwa kama dola 100 Marekani, yenye pete ya kuzungusha kama 200. Kariakoo utaambiwa yako kulingana na dola ilivyoamka, na ulivyovaa. Zipo za bei rahisi za kampuni nyingine, na siyo zote mbaya. Ila mimi moja ilinilegea katikati ya kicheni pati Sinza, kamera ikapoteza mawasiliano na lenzi bibi harusi ndo anaingia. Nikapiga kwa simu. Mama mtu mpaka leo ananiangalia vibaya.

Wenye 18-55 ya EF-S, lenzi za kamera zenye sensa ndogo: inaingia, lakini R6 inakata picha yenyewe, unabaki na megapikseli zisizofika 8. Za Instagram zinatosha, za kuchapa bango la send-off usithubutu.

Na ukienda kununua mtumba hapa Dar, beba tochi. Pitisha mwanga kwenye lenzi kwa nyuma. Joto na unyevu wetu huu ukungu unaota ndani kama uzi wa buibui, na adapta haitibu ukungu. Nina moja imeoza hivyo, wiki ijayo naifungua hapahapa kwenye chaneli, kwa hiyo wale mnaotazama bila kujiunga, nawaona.

Andika chini una lenzi gani, nikuambie inaingia au la. Dogo, njoo uchukue hela ya soda.