Chemli ya zamani niliyonunua Ujiji: kioo safi, tangi majanga

Jamani nimenunua chemli ya kizamani kwa mzee mmoja Ujiji, Kigoma, anayeuza vitu vya kale, wiki ya tatu sasa, kwa hiyo naongea nikiwa nimeitumia. Ni Feuerhand ya Mjerumani, namba 276 imegongwa kwenye bati, na kioo chake ni kilekile chenye maandishi ya Jenaer Glas. Hicho ndo kilinimaliza, maana chemli nyingi za zamani mtaani zimeshapachikwa kioo kingine kinachocheza cheza. Alianza elfu sitini, tukavutana weee mpaka arobaini, akaniambia "haya mwanangu chukua, nimekubali kwa kuwa umenisalimia vizuri".

Sasa shida. Alikuwa ameipiga rangi ya fedha mpya inang'aa, mi nikadhani anajali mali yake, kumbe rangi inaficha kutu. Nimejaza mafuta jioni, asubuhi meza imelowa na nyumba nzima inanuka. Fundi bati wa Mwanga kanitia lehemu chini ya tangi, elfu tano, imepona. Kwa hiyo ukienda usiangalie mng'ao, mwambie atie mafuta kidogo uiweke juu ya gazeti mkiendelea kupiga stori, gazeti likilowa unajua.

Kuwaka inawaka vizuri sana. Zile bomba mbili za pembeni watu wanadhani ni za kushikia tu, kumbe zinapitisha hewa baridi kutoka juu kuja kwenye moto, ndo maana inakaa kwenye upepo wa ziwa bila kuzimika. Ila utambi ukate sawasawa na ushushe, ukiuacha mrefu unapata masizi tu. Enzi za utoto sisi wadogo ndo tulikuwa tunafutishwa kioo kila jioni kwa gazeti, kwa kuwa mikono yetu ndo ilikuwa inaingia, na ukikivunja siku hiyo unalala kwa bibi.

Yule mzee alikuwa na karabai pia, zile za kupampu, za wavuvi wa dagaa wa Kibirizi kabla hawajahamia taa za betri. Sikuchukua, ile kitu inavuma kama nyuki na kile kifuko cha kwenye moto ukikigusa tu kinakuwa unga.

Kingine kinachouma ni mafuta ya taa, tangu 2011 walivyopandisha kodi kuzuia uchakachuaji, yaani kuyachanganya kwenye dizeli, hayajawahi kuwa rahisi tena, na siku hizi unaweza kuzunguka maduka matatu hujayaona. Mi naiwasha umeme ukikatika tu.

Nyota tatu na nusu. Ile nusu ni ya kioo, nyingine moja nilimkata mzee kwa ajili ya rangi, na nimemwambia mwenyewe, akacheka akasema anayo nyingine hajaipaka.

Kesho kutwa naenda kuiangalia, na gazeti langu mkononi.